Ni Nani Awafunikaye Wanyama wa Nchi za Barafu?

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aletaye joto kwa kipimo na baridi kwa kipimo, asiyemsahau kiumbe wake hata kama amejificha chini ya jiwe au chini ya barafu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyeletwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu, mliohudhuria misikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu, na kuzizingatia ishara zake zilizoenea mbele ya macho yetu.

Hotuba yetu ya leo tumewakusudia hasa watoto wetu. Wakati wa kipupwe, upepo wa kusi unapovuma na mama anapotoa shuka la pili, mtoto wa Temeke au wa Kinondoni hujikunyata na kusema kwamba baridi imezidi. Kisha huuliza swali ambalo walimu wa madrasa wanalifahamu vizuri: Je, mnyama wa nchi za barafu, asiye na shuka wala nyumba wala moto, humfunika nani? Hilo si swali la mchezo. Anayeliuliza amekwisha kuanza kutafakari, na yatupasa tumjibu kwa elimu.

Kwanza, wanetu, fahamuni baridi ni kitu gani. Chukua barafu ya ukwaju uishike kiganjani. Baada ya muda mfupi kiganja kitauma. Mtu husema kwamba baridi imemwingia, lakini kwa hakika ni joto la mkono wake linalomtoka na kwenda kwenye barafu. Joto hutoka penye joto likaenda penye baridi. Kwa hiyo shuka halina moto ndani yake. Kazi yake ni kuyazuia yale yaliyomo mwilini mwako yasitoroke. Mama anapoifunga sufuria ya wali kwa nguo nzito wali ukabaki moto hadi wageni wafike, nguo ile haikupika kitu, bali imehifadhi. Na huo mwili nao hupata wapi joto? Hulipata katika chakula. Chakula ni kuni, na mwili ni jiko. Shikeni mambo haya mawili, kuhifadhi joto na kupata kuni, maana habari yote ya wanyama wa baridi imejengwa juu yake.

Wala hatuna haja ya kuanza safari mbali. Nchini mwetu umo Mlima Kilimanjaro, ambao kilele chake cha Kibo kina urefu wa mita 5,895. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 za sentigredi. Ndiyo maana siku ile ile ambayo mtu wa Mbagala anajipepea kwa kipepeo cha ukindu, huko juu maji yameganda kuwa jiwe.

Katika miinuko hiyo, hapo Kilimanjaro na katika Mlima Kenya, yupo ndege mdogo wa jamaa ya chozi, mwenye rangi ya kijani inayometa. Mchana jua ni kali, na usiku baridi huteremka chini ya sifuri. Kuna pia mti uitwao senesio, ambao majani yake yakifa hayaanguki. Hubaki yameuzunguka mti kama blanketi. Majani mabichi ya kileleni nayo hujikunja usiku, yakalifunika chipukizi changa lililo katikati, na asubuhi hufunguka tena. Wataalamu walipoyaondoa majani makavu katika baadhi ya miti, miti hiyo ilidhurika kwa baridi. Basi tazameni: jani lililokufa, ambalo sisi tungeliita takataka, limekuwa nguo ya mti ulio hai.

Katika Mlima Kenya, yapata mita 4,000 juu ya bahari, huishi pimbi. Ni mnyama mdogo kama sungura, ijapokuwa wataalamu wanamhesabu katika jamaa za tembo. Pimbi wa huko ana manyoya marefu na mazito kuliko ndugu zake wa nchi za chini. Usiku pimbi hujikusanya katika mapango ya mawe, wakalala wamebanana. Asubuhi hawakimbilii kula. Kwanza huketi juu ya mawe na kuota jua hadi miili ipate moto, ndipo waende malishoni. Hivyo, badala ya kuunguza chakula kingi ili kujipasha, hutumia jua ambalo Mola wao amewapa bila malipo. Hiyo ndiyo hekima ya kutofuja.

Sasa twende katika nchi za ncha mbili za dunia, ambako wakati wa kiangazi jua halizami kwa wiki nyingi, na wakati wa baridi halichomozi. Huko kaskazini yupo dubu mweupe. Chini ya ngozi yake pana tabaka nene la mafuta, na juu yake manyoya yaliyosongamana yanayoikamata hewa isiondoke. Yupo pia mbweha wa barafu, aliyepewa masikio mafupi na manyoya hata katika nyayo za miguu. Kwa nini masikio mafupi? Kwa sababu sikio kubwa hupoteza joto. Tembo wetu amepewa masikio mapana ili apoe, na mbweha yule amepewa masikio madogo ili asipoe. Muumba ni mmoja, na kila mja amekatiwa nguo kwa kipimo chake.

Huenda mtoto akauliza: Na ndege asimamaye juu ya barafu, miguu yake haina manyoya, mbona haigandi? Jibu lake ni la ajabu. Ndani ya mguu wa ndege mshipa uteremshao damu ya moto umepakana na mshipa upandishao damu ya baridi. Damu ishukayo huigawia joto lake ile ipandayo kabla ya kufika chini. Basi unyayo hubaki baridi, lakini hauharibiki, na joto hurudi kifuani badala ya kumwagika juu ya barafu.

Kusini kabisa mwa dunia wapo pengwini wakubwa. Jike hutaga yai moja, akaenda baharini kutafuta chakula. Dume huliweka yai lile juu ya nyayo zake, akalifunika kwa ngozi ya tumbo, akasimama nalo kwa muda wa miezi miwili na zaidi katikati ya giza la baridi kali. Huko joto laweza kuteremka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Muda wote huo hali kitu; anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Wahenga walisema akiba haiozi, na uhai wa kifaranga yule umo katika akiba ya baba yake.

Hata hivyo mafuta peke yake yasingemtosha. Madume hayo husimama kwa mamia wakiwa wameshikamana bega kwa bega. Katikati ya kundi joto huweza kupita nyuzi 20, na hali pembeni upepo unakata kama wembe. Lakini kundi halitulii. Linasogea kwa hatua ndogo ndogo, na aliyekuwa pembeni hujikuta ndani, na aliyekuwa ndani hutoka pembeni. Hakuna aliyehodhi joto. Enyi mnaosimama katika safu za sala bega kwa bega, zingatieni.

Wako wengine ambao hawapigani na baridi, bali hulala. Nyinyi mnajua jinsi bibi anavyolifukia kaa la moto katika majivu usiku, na asubuhi akalifukua akawasha jiko. Huo ndio mfano wa kindi wa ardhini wa nchi ya Alaska. Huchimba shimo, akalala kwa miezi saba au zaidi, moto wa mwili wake ukiwa umefukiwa. Mtaalamu Brian Barnes alieleza mwaka 1989 kwamba mwili wa kindi huyo waweza kupoa hadi karibu nyuzi 3 chini ya sifuri bila damu yake kuganda. Kila baada ya wiki kadhaa hutetemeka, akajipasha moto kwa muda mfupi, kisha akalala tena.

Na zaidi ya huyo ni chura wa misituni wa huko huko Amerika ya Kaskazini. Baridi ikija, ini lake hutoa sukari nyingi ikaenea mwilini kuzilinda nyama zake, na sehemu kubwa ya maji ya mwili wake huganda kuwa barafu. Havuti pumzi, na moyo wake umesimama. Mtu akimwokota atadhani ameokota jiwe. Majira yakigeuka barafu huyeyuka, moyo ukaanza kupiga tena, na chura akaruka kwenda zake. Chura yule hakuwa maiti, na ufufuo ni jambo kubwa kuliko hilo. Lakini anayesema kwamba moyo uliosimama hauwezi kurudishwa, na aende akamtazame chura.

Wala samaki hawakusahauliwa. Maji ya bahari huganda yapoteremka karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na samaki wengi wangeganda kabla ya hapo. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Marekani, Arthur DeVries, alivumbua kwamba samaki wa bahari ya kusini wana protini katika damu inayozuia chembe za barafu zisikue. Na katika maziwa na mito ya nchi hizo Mwenyezi Mungu amejaalia jambo ambalo kila mtoto aweza kuliona katika gilasi ya maji: barafu huelea. Kama ingezama, maji yangejaa barafu kuanzia chini. Lakini kwa kuwa inaelea, imekuwa paa, na chini ya paa lile samaki wanaishi.

Hapa panahitaji uangalifu. Mwaka 1926 mchungaji aliyeitwa Richard Reusch aliukuta mzoga wa chui umekauka kwa barafu karibu na ukingo wa Kibo. Manyoya ya chui ni mazuri, lakini juu kule hakuna windo. Nguo haitoshi pasipo chakula. Naam, katika nchi za barafu viumbe wengi huangamia kwa njaa kabla ya baridi yenyewe kuwaangamiza. Na kwa sababu hiyo wako waliopewa njia nyingine, nayo ni safari. Na mwisho wa safari hiyo ni katika pwani yetu hii.

Nendeni Kunduchi maji yakiwa yamekupwa, kati ya mwezi wa Septemba na mwezi wa Aprili. Mtawaona vitwitwi wakikimbia juu ya matope wakidonoa. Miongoni mwao iko aina moja yenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Uzito wake ni kama gramu 60, mfano wa yai moja la kuku. Ndege huyo amezaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, katika nchi kama rasi ya Taymyr, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa. Huko ardhi ikiganda huwa kama saruji, na mdomo wake hauwezi kupenya. Hivyo hula hadi anenepe, akaruka.

Na la kustaajabisha zaidi ni kwamba wazazi hutangulia kuondoka. Watoto hubaki nyuma wakikua, kisha nao hufunga safari bila baba wala mama wa kuwaongoza, wakiifuata njia ambayo hawajapata kuipita. Ifikapo Machi na Aprili, vitwitwi wakubwa waliokuwa na rangi ya kijivu na nyeupe huanza kuvaa rangi nyekundu ya matofali. Hiyo ndiyo nguo yao ya kurejea kwao, kwenda kutaga katika kiangazi kifupi ambacho jua halizami.

Basi mtoto aliyeuliza ni nani awafunikaye, jibu lake ni hili. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Hud kwamba hakuna kiumbe atembeaye juu ya ardhi ila riziki yake imo katika dhamana yake. Amempa huyu manyoya, yule mafuta, huyu usingizi, yule jamaa wa kubanana naye. Na kitwitwi amempa mbawa, na pwani ya Dar es Salaam.

Tunasema maneno haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi. Mwombeni maghufira, hakika yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu.

Enyi ndugu Waislamu. Ikiwa riziki ya kitwitwi imewekwa katika matope ya pwani yetu, basi sisi tumekuwa washika amana, na kila mshika amana ataulizwa. Wahenga wa pwani walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu haombi chumba wala sahani. Anaomba matope safi yenye minyoo na konokono wadogo, na mahali pa kupumzika maji yanapojaa. Tunapoikata mikoko ya Kunduchi na Mbweni, au ile ya mkono wa bahari wa Mtoni upande wa Temeke. Tunapotupa taka mtoni tukasema mvua itazichukua. Mvua huzichukua kweli, ikazipeleka mezani kwa mgeni. Na matope yale yale ndiyo malezi ya kamba na samaki wanaolisha nyumba zetu. Anayeidhulumu sahani ya kitwitwi ameidhulumu na sahani ya mwanawe.

Nanyi wanetu, tunakuombeni jambo moja. Msiwalenge ndege kwa manati. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kiumbe hai kufanywa shabaha ya mchezo. Na tumesimuliwa kwamba masahaba walipowachukua vifaranga wa ndege mmoja, mama yao akawa anapapatika juu yao kwa uchungu, Mtume aliamrisha warudishwe kwa mama yao. Jiwe lirushwalo kwa mzaha laweza kumwangusha msafiri aliyevuka bara na bahari akasalimika na tufani zote, akaja kufia mikononi mwa mtoto wa Kiislamu. Je, tutasema nini siku hiyo?

Na nyinyi wazazi, mkimwona mtoto amewafungia ndege pwani au anawatupia mawe, msimpite mkadhani si kazi yenu. Mkalisheni chini, mwelezeni alikotoka ndege yule. Mtoto akijua habari ya safari ile, mkono wake utateremka wenyewe. Ujinga mara nyingi ndio ulioshika manati.

Tena tusidhani kwamba baridi ni adhabu kwa viumbe walioumbwa kwayo. Kwao ni nyumba. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 1912 na mwaka 2007. Mwaka 2022 barafu ya bahari ya Bellingshausen, huko kusini, iliyeyuka mapema kabla vifaranga wa pengwini hawajaota manyoya ya kuzuia maji. Kati ya makundi 5 yaliyofuatiliwa, katika makundi 4 inaaminika hapakusalimika kifaranga hata mmoja. Baba zao walikuwa wamesimama na mayai yale gizani bila kula, wakatimiza wajibu wao wote; sakafu ndiyo iliyowaponyoka. Moshi wa wanadamu duniani kote umeshiriki katika kuibadilisha hewa hii. Moshi wetu sisi ni mdogo ukilinganishwa na wa mataifa makubwa, lakini udogo wa sehemu yetu hautuondolei wajibu. Tupande miti palipokatwa, tutunze iliyopo, na tusifuje.

Mwisho, ndugu zetu, tutazame karibu zaidi. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Sura ya An-Nahl kwamba ametujaalia katika wanyama vitu vya kutupatia joto. Mwanadamu amezaliwa uchi, hana manyoya ya pimbi wala mafuta ya dubu. Nguo yake ni akili yake na huruma ya mwenzake. Usiku wa kipupwe, na usiku wa masika maji yanapoingia majumbani mabondeni, yuko yatima anayelala juu ya mkeka mtupu, na yuko mzee anayetetemeka katika chumba kinachovuja. Na ndani ya makabati yetu mna mashuka ambayo hayajakunjuliwa tangu mwaka jana. Pengwini, asiyeandikiwa kitabu wala kuletewa mtume, humpisha mwenzake akae katikati. Haifai umma uliofundishwa haki ya jirani ushindwe na ndege.

Kwa hiyo kila nyumba inayotusikia, leo baada ya sala, na itoe shuka moja au nguo moja nzito, impelekee jirani aliye pembeni mwa kundi. Na mtoto ndiye apewe kuibeba, ili ajue kwamba aliyeuliza ni nani awafunikaye viumbe, amepewa yeye pia sehemu katika kazi hiyo.

Ewe Mola wetu, tupe macho ya kuziona ishara zako na nyoyo za kuzizingatia. Wahurumie watoto wetu, na uwafanye wawe wenye huruma kwa viumbe vyako. Walinde wasafiri wa angani na wa baharini na wa nchi kavu. Wafunike walio uchi, washibishe walio na njaa, na uturehemu sisi na wazee wetu waliotangulia. Ewe Mola wa walimwengu wote, pokea dua zetu. Amin.

Simamisheni sala.